Mzinga wa Ipuli

Baba alitundika mizinga porini, huko Sikonge,
mizinga ya magome juu ya miyombo,
mia na nne kwa hesabu yake,
na kila mmoja aliujua kwa mvumo.

Mimi ninao mmoja tu.
Wa bati, umesimama hapa Ipuli
kati ya fundi cherehani na duka la mbolea la Kapaya.
Una vyumba kumi na sita, kila chumba na kijitaa chake:
chekundu, subiri;
cha njano, vumilia;
cha kijani, chukua mwanangu, nenda.

Wanaanza kuja kabla ya adhana.
Mtu anachomoa betri iliyochoka chini ya kiti,
anaileta kwa mkono mmoja, bega limelala upande
(kilo kumi na mbili, niliipima kwa mizani ya Kapaya),
ananipa, nampa.
Salamu inachukua muda kuliko umeme.
Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu.
Na homa ya mama mkwe, na ada ya mtoto,
mambo ambayo hayana asilimia.

Jumanne ile umeme ulikatika saa mbili usiku.
Mzinga ukanyamaza.
Sikuwa najua kwamba unavuma
mpaka uliponyamaza.

Alfajiri walikuwa tisa kwenye foleni
na mimi nina betri tano zenye chochote ndani:
themanini na moja, sitini na nne, hamsini na mbili,
arobaini, ishirini na sita.
Nilizisoma kwa sauti, kama dalali mnadani,
nikajuta hapo hapo.

Mihayo ana mwalimu wa kupeleka Ndono, kuna mtihani.
Shija ana vifaranga mia ndani ya boksi, wanalia.
Kabula, mwanamke pekee wa kijiwe chao, akasema
yeye safari zake ni Kitete na Cheyo, hazidai mengi,
"Ila usinipe ya mwisho kwa sababu nimenyamaza."
Nkwabi hakusema kitu. Ndiye aliyewahi,
alilala hapa, shuka lake bado liko barazani kwa fundi.
Nkwabi ni mdogo wangu, tumbo moja.

Waliotuletea kabati walituonyesha ramani.
Ina nukta tatu: Ipuli, stendi, Kiloleni.
Baada ya Kiloleni ramani ni nyeupe,
na weupe ule una watu,
una mashine za kusaga, una mabani ya tumbaku,
una Ilolangulu, ambako chaji ikikuishia
unasukuma na watoto wanakuhesabia hatua.

Themanini na moja nikampa Mihayo.
Sitini na nne, vifaranga.
Hamsini na mbili alichukua mzee wa Itetemia
ambaye hata sikumuuliza anakwenda wapi; alikuwa na uso wa mtu asiyeulizwa.
Arobaini, Kabula.
Ishirini na sita nikampa Nkwabi
kwa kuwa ni ndugu yangu
na kwa kuwa wote walikuwa wananitazama mkono.
Wanne wakaondoka na walichokuja nacho.

Umeme ulirudi saa nne na robo.
Nkwabi alirudi saa saba, anasukuma,
kutoka Malolo, shati limemganda mgongoni.
Akaniwekea betri mezani. Ilikuwa ya moto kama mgonjwa.
"Nimeikomba yote," akasema.

Baba hakukomba mzinga hata siku moja.
Sega la mwisho ni la wenyewe, alisema,
ukilitamani, mwakani utavuna magome.
Sote wawili tulikumbuka, naona,
maana hakuna aliyemtaja.

Nikaiingiza chumba cha saba.
Kijitaa chekundu. Mvumo.
Nkwabi akaketi juu ya kreti tupu,
akavuta sufuria ya kiporo changu,
akala mpaka ukoko,
hakunibakizia hata tonge.